Mngoni Aliyeuliza Maji Yamekwenda Wapi

Gregori Haule ni mtu wa kuuliza. Watu wa jumuiya yetu ya College Park wanamcheka kwa hilo. Wiki aliyofika Marekani, mkewe Anna alimpeleka stesheni ya treni ya Wheaton, ile yenye ngazi za umeme ndefu kuliko zote nilizopata kuziona. Anna akafika juu, akageuka, mume hayupo. Kumbe Gregori ameshuka tena. Alipanda na kushuka mara tatu, akifika mwisho anainama kutazama vile vidato vinapoingilia, mpaka askari wa stesheni akaja kumwuliza amepoteza nini.

"Sijapoteza," akajibu kwa Kiingereza chake cha misheni. "Nataka kujua zinarudi chini kwa njia gani."

Kwao ni Peramiho. Miaka kumi na minane alikuwa mtu wa pampu katika hospitali ya misheni huko Ruvuma. Alifundishwa na bruda Mjerumani ambaye hakuruhusu kijana ashike spana kabla hajaeleza kwa mdomo anataka kufungua nini na kwa nini. Anna ndiye aliyetangulia huku kwa kazi ya uuguzi, kisha akamvuta mumewe. Hapa Gregori anapanga maboksi kwenye ghala moja Landover.

Mimi ni Mhehe wa Ismani, yeye Mngoni, kwa hiyo ni watani. Nalisema hilo mapema, maana asiyeujua utani atadhani tulikuwa tunatukanana. Babu zetu walipigana sana, walipochoka wakaachiana ruhusa ya kutaniana mpaka leo. Mtani anaweza kukuambia neno ambalo mwanao wa kumzaa hathubutu, na wewe huna ruhusa ya kununa.

Sasa habari ya pampu.

Ilikuwa mwaka 1999, mwezi wa nane. Binti yangu Adela alikuwa anamtunza Bibi Audrey, mzungu wa miaka themanini na tisa, nyumbani kwake huko juu, kupita Damascus, ambako mabomba ya kaunti hayafiki na kila nyumba ina kisima chake. Mimi na Adela tulikaa humo humo, vyumba vya nyuma. Audrey ana mwana mmoja, Mark, anakaa Virginia, na nyumba ile ilikuwa imemchosha. Majira ya baridi yaliyopita mashine ya joto ilikufa. Mark akasema mbele yetu sote: kikiharibika kitu kingine kikubwa, mama anahamia nyumba ya wazee Wheaton. Audrey hakutaka hata kusikia. Nyumba ile aliiingia akiwa bibi harusi. Na akihama yeye, Adela hana kazi, nasi hatuna pa kulala.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali. Nyasi ziligeuka rangi ya mkeka, mahindi ya jirani yakajikunja. Redio ikawa inasema watu wasimwagilie bustani, wasioshe magari.

Nikamwambia Adela, "Tuweke akiba ya maji. Kabla ya kukata huwa wanatangaza hivi hivi."

Akacheka. "Mama, Marekani maji hayakatiki. Tena haya siyo ya serikali, ni ya kisima cha hapa nje. Nani ayakate?"

Mtu aliyekulia kwenye ukame wa Ismani hafundishwi maji na mtoto aliyezaliwa Iringa mjini.

Jumamosi, saa moja asubuhi, Adela akamchukua Audrey kwenda saluni kutengenezwa nywele, kama kila Jumamosi. Gari lilipotoka tu nikaanza. Nikajaza hodhi la kuogea la juu. Nikajaza mapipa mawili mapya ya taka kwa mpira wa bustani, madumu ya maziwa kumi na manane niliyokuwa nimeyaosha na kuyaficha chini ya kitanda, sufuria zote, na lile sanduku la barafu wanalokwenda nalo pikiniki. Mabomba matatu niliyafungua kwa pamoja ili niwahi. Saa tatu kasoro bomba likakohoa. Likatema hewa, likatoa maji mekundu kidogo, kimya.

Sikushtuka, nilifurahi! Nilisema yatakatika, yamekatika. Nikafanya kama tunavyofanya nyumbani: bomba la bafu la chini nikaliacha wazi, ndoo chini yake, yakirudi niyasikie.

Saa nne wakarudi. Adela akafungua bomba la jikoni, hola.

"Hayakatiki, eti?" nikamwambia, nikamwekea dumu mezani.

Audrey akatengenezewa chai kwa maji yangu. Akanishika mkono, akasema jambo, Adela akatafsiri: "Anasema wewe ni mwanamke mwenye akili." Nikamwambia Adela amjibu kwamba najua. Niliwaonyesha madumu sita tu. Akiba haionyeshwi yote.

Kazi ya Adela inamtaka aseme kila kinachotokea, basi akampigia Mark simu. Mark akasema anakuja saa kumi na moja jioni. Akikuta maji hayatoki, anaondoka na mama yake siku hiyo hiyo, Jumatatu ampeleke Wheaton. Adela akafungua kitabu cha namba za simu, akawapigia mafundi wa visima mmoja mmoja. Kila mmoja ana kazi nyingi, kiangazi kimeharibu visima vya watu. Aliye karibu kabisa atafika Alhamisi. Adela akaketi, akashika kichwa.

"Mpigie Mngoni," nikamwambia.

"Gregori wa maboksi?"

"Gregori wa pampu. Anna aliniambia."

Alifika saa tano na nusu na mfuko wa turubai begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkimbizi. Mlikimbia kutoka Afrika Kusini mpaka Ruvuma, leo mmefika mpaka Damascus?"

"Tulisikia kuna Mhehe anateseka kwa kiu. Hivi, mama, jirani yenu alikuwa na mbwa wangapi? Nimewaona wawili tu."

"Wa tatu nimekuwekea paja. Mgeni hali mifupa."

Adela hakucheka utani huo wa kwamba Wahehe tunakula mbwa. Akamtangulia kushuka chumba cha chini ya nyumba, wanachokiita besimenti, nami nikafuata kwa magoti yangu haya haya. Pampu ilikuwa pembeni, mashine ya chuma ya kijani ukubwa wa mbuzi mdogo, na tangi lake la bluu ubavuni. Nilidhani Gregori atatoa spana. Akazima umeme wake kwenye swichi ya ukutani, kisha akakaa kwenye ngazi.

"Maji yalisimama ghafla, au yalipungua kwanza?"

Adela akasema hajui, hakuwepo. Nikasema yalikohoa.

"Yalikohoa. Vizuri. Sasa naomba pua zenu. Kunanuka nini humu?"

"Moto," akasema Adela.

"Moto wa nini? Wa nguo? Wa mpira? Wa nyama?"

Nikanusa. "Wa sufuria tupu iliyosahauliwa jikoni."

Akanigeukia akitabasamu. "Mama, hapo umetaja ugonjwa. Mimi nilitaka kusema tu mota imepata joto."

Akasogeza kiganja karibu na mota bila kuigusa, akatuita nasi tusogeze. Joto kama jiko la mkaa. Adela akasema basi imekufa. Gregori akasema hapana, imezimia. Ndani yake kuna kidude kinachoikata ikichemka, ikipoa kinairudisha. Kisha akatuonyesha kioo kidogo cha geji chenye mshale. Mshale ulilala kwenye sifuri.

"Sasa fikirini. Mashine haichemki kwa kulala. Ilikuwa inafanya kazi, tena kazi nyingi. Na tangi halina kitu. Ilikuwa inafanya kazi gani, na maji yamekwenda wapi?"

Maishani mwangu nimepata kuona mafundi wengi. Wanakuja, wanagonga, wanaondoka, nawe unabaki mjinga kama ulivyokuwa. Huyu alinitia hamu. Nikasahau magoti, nikamfuata nje kisimani.

Kisima cha Audrey si cha kuchungulia na ndoo. Ni bomba pana la chuma limesimama ardhini nyuma ya jikoni, mdomo wake kama sahani ya ugali, na kifuniko cha nati nne. Gregori akakifungua. Akatoa kamba mfukoni, akafunga nati nzito mwishoni, akaniomba unga wa ngano. Kamba yote akaipaka unga.

"Unga wa nini?"

"Macho yangu hayafiki chini. Unga utafika badala yake. Ukilowa unageuka rangi."

Akaiteremsha polepole, akaipandisha. Unga ulikuwa mweupe mpaka futi ishirini na tatu, kuanzia hapo uji. Audrey alikuwa ameketi barazani na nywele zake mpya. Adela akamwuliza maji huwa yanakaa wapi. Audrey hakufikiri hata kidogo: futi kumi na mbili miaka mizuri, kumi na sita miaka ya ukame, na bomba la kuvutia linaishia futi ishirini na nane. Mumewe alimkaririsha.

"Bibi huyu anakijua kisima chake kama mtoto wa kunyonyesha," Gregori akasema. "Tusubiri saa moja, tupime tena."

Saa saba kasoro robo akanipa kamba niipime mwenyewe. Nilihisi nati ikigusa maji, uzito ukapungua mkononi, jambo dogo sana, lakini nilifurahi kama msichana. Futi ishirini na moja.

"Yanapanda!" nikasema.

"Yanapanda. Lakini yalishuka kwa nini?" Akafuta kamba. "Adela, nisikilize. Kama yalishuka yenyewe kwa ukame, basi yatapanda kidogo, kesho yatatukimbia tena. Kisima hiki kitakuwa kimekwisha, na Mark akiniuliza nitamwambia kimekwisha. Simdanganyi mtu juu ya maji ya mama yake. Ila kama yalitolewa, mengi na kwa mara moja, basi kisima ni kizima, kimechoka tu. Pampu nitaiwasha leo. Nani alitumia maji asubuhi?"

"Hakuna," Adela akasema. "Sisi tulikuwa saluni. Mama alikuwa peke yake."

Wakanitazama.

"Mimi niliosha kikombe," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe. Likishatoka, mtu mzima hulirudisha vipi? Asubuhi nimeitwa mwanamke mwenye akili.

Gregori akasema anakwenda kukagua mabomba ya ndani kama kuna linalovuja. Nikamsikia akipanda juu, akishuka. Akaingia bafu la chini, hatua zikasimama. Zikasimama muda mrefu. Akatoka, akasikiliza Adela yuko upande gani, akaja kukaa karibu nami kwenye ngazi za nyuma.

"Mama, nyinyi Wahehe mlipigana vizuri sana."

"Tuliwapiga nyinyi."

"Mlitupiga. Lakini mlikuwa na kosa moja. Mkificha chakula, mlango wa ghala mnauacha wazi." Akang'oa jani kavu. "Mle ndani kuna bomba liko wazi na ndoo chini yake. Mzungu hawezi kuweka ndoo namna ile. Mama yangu aliiweka hivyo hivyo. Anna wangu mpaka leo anaweka, tunakaa ghorofa ya nne."

Nikatazama mahindi ya jirani.

"Mtani akikosa anatozwa faini," akaendelea. "Nakutoza jogoo. Au unieleze ulijaza vyombo vingapi."

"Nikikataa vyote viwili?"

"Utani una mwisho hapo. Mark akija nitamwambia kisima kimekwisha, kwa kuwa sitakuwa na sababu ya kusema vingine."

Ndani nilimsikia Audrey akimwuliza Adela kitu, sauti yake nyembamba, na Adela akimjibu pole pole kama mtu anayemtuliza mtoto. Angeniuliza Adela lile swali, ningenuna mwezi mzima na nisingesema. Kwa mtani sina ruhusa hiyo.

"Inuka," nikamwambia. "Na usiseme neno mpaka umeona vyote."

Nikamwonyesha. Madumu kumi na mawili chini ya kitanda. Sufuria kabatini. Mapipa mawili kwenye banda la zana. Sanduku la barafu. Mwisho nikamfungulia mlango wa bafu la juu. Lile hodhi lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, nimelifunika kwa shuka. Kwa kuwa alikuwa anatafuta mabomba yanayovuja, mara ya kwanza pazia la hodhi hakulisogeza. Sasa alilisogeza, akainua shuka, akakaa ukingoni, akacheka mpaka machozi.

"Mama! Umekinywa kisima chote!"

"Cheka, kisha unieleze."

Akanieleza. Kisima kile ni chembamba, mwaka wa ukame kinajazwa kidogo kidogo kama titi la mbuzi mzee. Nimekikamua kwa mabomba matatu. Lilipokohoa, ningefunga, kisima kingevuta pumzi. Nimeacha bomba wazi, kila tone lililoingia likavutwa, mpaka pampu ikavuta hewa. Na pampu ya namna ile haina nguvu juu ya hewa. Inazunguka, inazunguka, inajichemsha.

"Kwetu bomba halina mashine nyuma yake," nikasema.

"Hata kwetu ipo, mama. Ila iko mbali, na anayeungua nayo ni mtu wa pampu."

Adela alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alifika saa ngapi. "Mama!" akasema. "Kazi yangu! Nyumba!"

"Nimesikia. Shika dumu uteremke nalo."

Tukafunga mabomba yote, tukasubiri mpaka saa nane na nusu, maji yafike futi kumi na nane na mota ipoe kabisa. Gregori akafungua kizibo juu ya pampu kwa spana, akaweka mrija mpana. "Lazima tuinyweshe kwanza," akasema. "Ikishiba maji ndipo itavuta maji." Mimi ndiye niliyemimina. Dumu la kwanza likaingia lote. La pili nusu, pampu ikacheua mapovu. Tukangoja, nikamimina tena mpaka yakasimama kwenye kizibo.

Akawasha. Mota ikanguruma. Mshale ukatetemeka, ukainuka kidogo, ukalala tena sifuri. Adela akafumba macho.

Gregori akazima. "Mmesikia? Mwanzo ilinguruma nzito, kisha nyepesi. Nzito ni maji, nyepesi ni hewa. Bado kuna hewa kwenye bomba la kisimani. Mimina, mama."

Dumu la tatu. La nne. Saa hii nami nilikuwa nasikiliza. Alipowasha, ngurumo ikawa nzito, ikabaki nzito. Mshale ukapanda kumi. Ukapanda ishirini. Ukasita, nikasita nao. Thelathini. Arobaini, na kiswichi kidogo cha pampu kikalia *tak*, ikanyamaza yenyewe kwa kuwa tangi limeshajaa. Adela akakimbia juu kufungua bomba la jikoni, likatema maji ya rangi ya chai, kisha meupe, na Audrey akapiga makofi.

Mark alifika saa kumi na moja kamili akiburuta sanduku kubwa la nguo, jepesi, halina kitu. Hakusalimia mtu. Akaenda moja kwa moja jikoni, akafungua bomba, akasimama anayatazama maji.

"Kulikuwa na nini?"

Gregori akaanza habari ya kisima. Adela alikuwa anatazama sakafu. Nikamwambia, "Mwambie ni mimi. Mwambie nilijaza kila chombo kwa mara moja na bomba nikaacha wazi. Tafsiri kama nilivyosema."

Akatafsiri. Mark akanitazama, akasema hicho ndicho anachokiogopa, nyumba hii inahitaji watu wanaoielewa, na akaanza kuliburuta sanduku kuelekea chumba cha mama yake. Gregori akasimama njiani mwake, si kwa ukali.

"Bwana, kabla ya hapo, shika hii."

Akampa kamba yenye unga. Wakatoka wote wawili, sisi tukatazama kwa dirisha. Mark akainama kisimani na tai yake, akateremsha, akapandisha, akahesabu. Futi kumi na saba. Akateremsha tena ingawa hakuna aliyemwambia. Waliporudi, Gregori alimweleza wazi: kisima ni kizima, ila mpaka mvua inyeshe watumie bomba moja kwa wakati mmoja, na akampa shauri fundi wa Alhamisi aje hivyo hivyo akitazame.

Mark akawa anafikiri. Ndipo Audrey akaongea, na Adela alinitafsiria huku anajizuia kucheka. Alisema Mark alipokuwa na miaka kumi alichimba shimo nyuma ya banda, akaingiza mpira wa maji ili vyura wake wapate ziwa, akaenda shule. Kisima kikakauka. Baba yake akainywesha pampu ile ile kwa birika la chai. "Na wewe hatukukupeleka popote," Audrey akasema.

Mark alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akanitazama tena, safari hii kama anayemtazama mwenzake. Akalichukua lile sanduku, akalirudisha garini, tukasikia buti likifungwa.

Gregori alikuwa ameshatundika mfuko begani, Anna anamngoja. Lakini alipofika kwenye friji akasimama, akainamisha sikio.

"Bibi Audrey, hili friji linavuma hivi tangu lini?"

Audrey akasema tangu mwaka wa sabini na moja.

"Na hakuna aliyetaka kujua kwa nini?"

Akateremsha mfuko, akavuta kiti. Mark, aliyekuwa anaingia kutoka nje, akavuta cha kwake.